Panya Weusi na Kidonge cha Mama

Hadi leo sijui nimlaumu nani, panya au koko, yaani nyanya yangu.

Miaka ile mamluki wa kigeni walipotawala visiwa vyetu nilikuwa mhudumu wa maabara katika shule moja ya Moroni. Mwalimu wa biolojia alifuga panya wa koo mbili, weupe na weusi. Gari la mamluki likipita kwa kishindo, weupe walijikunyata wote kona moja, weusi walirukaruka. Alipowapa dawa ya kutuliza, weupe walilala. Weusi wakazidi kuparamia waya. “Dawa moja, damu mbili,” alisema, halafu akaenda zake kunywa kahawa. Mimi nikabaki nikijiuliza. Dawa ya kutuliza inamvurugaje mtu? Yaani panya.

Basi mamluki wakamchukua mjomba wangu kule Mutsamudu, na mama akaacha kulala. Alikuwa anakonda vibaya, tukaogopa tutampoteza na yeye. Mama mdogo, niliyekaa kwake Moroni, alikuwa na vidonge vya kutuliza vilivyomfaa sana. Akanifungia vichache kwenye leso nimpelekee dada yake.

Nilifika nyumbani kwetu Mutsamudu nimevibana mkononi kama kitu cha wizi. Nikamweleza koko habari ya panya, kwamba kilichomtuliza mama mdogo huenda kikamvuruga mama. Alinikasirikia. “Mama yako na mdogo wake wametoka tumbo moja, wamekulia nyumba hii hii. Damu mbili umeiona wapi?”

Kwetu nyumba ni ya mwanamke, na ukoo unafuata mama, hapo nilikwama. Ila mama na mdogo wake hawakuchangia baba, na panya, mwalimu alisema, hurithi pande zote mbili. Nikauliza: “Babake mama alikuwa mtu wa namna gani?”

“Alikuja, akaondoka. Anahusu nini?”

Mama alichoka kutusikiliza. Akachukua kidonge, akakimeza kwa maji.

Tulingoja alale. Alasiri haijaisha, alikuwa ameshahamishia vyungu vyote uani, anacheka, analia, anamwita kaka yake kwa sauti. Kisha akafungua mlango wa kichochoroni, na askari wa mamluki walikuwa wamesimama palepale pembeni. Nilimkamata kiunoni nikamrudisha ndani kwa nguvu. Sikuelewa kama ni mama huyu au mtu mwingine.

Koko hakuinuka. Alimtazama tu binti yake, mdomo wazi.

“Babake,” alisema. “Ndivyo alivyokuwa.”