Kikombe Chekundu cha Mama Mkwe

Mimba yangu ilikuwa ya miezi sita pale muuguzi wa kituo chetu cha afya, huku Ndosho, aliponivuta kope la chini, akachungulia, akasonya.

"Mama, damu iko wapi?"

Kipimo kikamuunga mkono. Akaniambia wazi kwamba isipopanda sitazalia pale karibu na nyumbani. Nitapelekwa hospitali kubwa, nizae huku watu wakikimbia kunitafutia damu ya kuniongezea. Niliogopa kweli. Akanipa vidonge vya madini ya chuma, nimeze kila siku.

Mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka milima ya Masisi kuja kunisaidia. Vidonge vile aliviangalia kama ugali mbichi. "Vinajua nini hivi?" Kwake yeye, damu inaletwa na kitu chekundu. Kila asubuhi alikoroga nyanya ya kopo ndani ya maziwa, akamimina soda nyekundu juu yake, akanisimamia mpaka nimalize. Kibaya, jamani! Halafu ananipa chai kali ya kuondoa ladha, na kwa chai hiyohiyo namezea vidonge.

Nami sijifanyi malaika. Nilikuwa na siri yangu: ule udongo mweupe unaouzwa sokoni vipande vipande. Nilikuwa nautafuna bafuni huku nikiimba nyimbo za kanisa kwa nguvu, mlio usisikike. Mama mkwe akaanza kuwasimulia majirani jinsi mke wa mwanawe anavyompenda Mungu.

Mwezi uliofuata damu ilikuwa imeshuka zaidi. Mama mkwe alinisindikiza, tayari kumgombeza muuguzi kwa ajili ya vidonge vyake.

"Unakulaka udongo?" muuguzi akaniuliza.

"Mimi? Hata kidogo!" nikajibu, vumbi jeupe likiwa bado pembeni mwa mdomo.

Hakucheka. Akatueleza kwamba mwili uliopungukiwa chuma mara nyingi ndio unaotamani udongo, na udongo nao unakizuia chuma kisiingie mwilini. Chai na maziwa ni vilevile. Vidonge vinataka maji, au chungwa. Rangi ya nyanya haigeuki damu. Nile maini, maharage, mchicha wetu wa lengalenga, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Akaniongezea dawa ya minyoo.

"Ee Mungu wangu!" Mama mkwe akapiga makofi. "Mutu muzima anakula udongo! Kumbe ndiyo ile kuimba!" Akafungua fundo la kitenge chake atoe kitambaa anipanguse mdomo. Kipande cha udongo kikadondoka mezani, kikubwa kuliko changu chochote.

Nilicheka mpaka mtoto akanipiga teke tumboni. Muuguzi akamvuta naye kope: kweupe kuliko kwangu.

"Na wewe, mama, unakulaka nini?"

Akainamisha kichwa. Ndipo nikakumbuka. Maini yote yalikuwa yakija kwenye sahani yangu, yeye akisema ameshiba, akijinywea chai. Kicheko kikanikauka, nikaona haya. Akapimwa, naye akapewa vidonge vyake.

Tangu siku ile tulikula sahani moja. Akisukuma ini upande wangu, nalirudisha. "Kula, mama. Mimi sitaki kuzaa huku nikitafuta mutu wa kukushika usianguke."

Nilizalia palepale kituoni, na hakuna aliyekimbia kutafuta damu. Alipompakata mtoto, nikaona fundo la kitenge chake limevimba.

"Fungua," nikamwambia.

"Umezaa sasa hivi, na tayari unanipekua?"

Akafungua. Ilikuwa pakiti ya vidonge vyake, vimebaki viwili.