Mwaka Nilipopanda Mpunga Kapseret

Niliolewa Kapseret nikitokea Mwea, ambako nyumbani kwetu tulilima mpunga. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Baba yake alilima ngano kwenye shamba alilonunua Wazungu walipokuwa wakiuza na kuondoka. Kabla ya hapo aliendesha trekta kwenye shamba hilohilo kama kibarua. Watu wa nyumba hiyo hawakunitesa, ila hawakujua waongee nini na mimi. Wakiwa peke yao walizungumza Kinandi. Nikiingia walihamia Kiswahili, na maneno yakapungua. Mama mkwe aliniuliza kama nimekula, mimi nikamuuliza kama ng'ombe wamekamuliwa, basi.

Mwaka wangu wa pili pale, mvua ilianza mwezi wa tatu na haikupumzika. Huko juu tulifaulu kupanda ngano, lakini kipande cha chini, kando ya kijito, kilijaa maji. Mbegu ilioza mara mbili. Siku moja tukila chakula cha mchana nikasema, "Mzee, hapo chini naweza panda mpunga."

Mzee alimtazama mwanawe kwanza, kana kwamba anangoja atafsiriwe.

"Mpunga unataka joto," mume wangu akasema.

"Unataka maji," nikajibu. Nilidhani najua.

"Wacha apande," Mzee akasema. "Hayo maji hakuna mtu ameyaomba."

Nilimwandikia mama yangu barua, naye akanitumia mbegu kwa basi. Nikaichukua stendi ya Eldoret ikiwa kwenye mfuko wa sukari. Nilitengeneza kitalu kidogo, nikainua matuta ya kuzuia maji kwa jembe. Mbegu ambayo Mwea huota kwa wiki moja, hapa ilikaa karibu tatu. Mwezi wa sita nikaanza kuhamisha miche. Majirani walisimama kwenye ua wakaniangalia nikipanda nyasi moja moja matopeni.

Siku ya pili mama mkwe alikuja, akavua viatu, akaingia kwenye matope.

"Mbona unarudi kinyumenyume?"

"Nikienda mbele, Mama, nitakanyaga nilichopanda."

Akacheka, akashika fungu la miche. Alikuwa mwepesi wa mikono kuliko nilivyotarajia. Tulipanda mpaka saa ya kukamua. Siku hiyo ndiyo aliniambia kwamba kabla ya kumzaa mume wangu alizika watoto wawili, na kwamba mama mkwe wake hakumsemesha mwaka mzima.

Ili nifike kwenye mpunga nilipita kijia kilichokata katikati ya ngano. Asubuhi moja mwezi wa saba nilirudi nyumbani nikakuta sketi yangu ya buluu ina unga wa manjano kuanzia magotini. Nilifikiri ni maua. Kesho yake nikaangalia majani vizuri. Yalikuwa na mistari ya manjano, imenyooka kama ya cherehani. Nikachuma jani moja, nikampelekea Mzee.

Alilisugua kwa kidole gumba, akatazama kiganja chake.

"Umetoa wapi?"

"Karibu na bonde."

"Na huko juu?"

"Huko juu sijaona kitu."

"Hii ni kutu," akasema. Akaenda kunawa mikono, halafu akaniambia nivae gambuti nimwonyeshe. Tulizunguka shamba lote sisi wawili. Aliniambia tu kwamba aliwahi kuona kutu ikimaliza ngano ya Mzungu, na kwamba baridi na unyevu kama wa mwaka huu ndivyo vitu inavyopenda.

Kesho yake alienda mjini akarudi na dawa yote iliyobaki dukani. Haikutosha shamba zima. Trekta ya jirani ilipokuja kupuliza ilizama getini, ikavutwa na maksai. Kwa hiyo tukabaki na mabomba ya mgongoni, mawili yetu na moja la kuazima.

Asubuhi ya kupuliza, mimi nilinyoosha mkono kuchukua bomba la tatu. Mama mkwe akalishika mkanda.

"Huyu hatabeba dawa."

"Kwa nini?" mume wangu akauliza.

"Muulize mwenyewe."

Nilikuwa sijamwambia mtu. Nilitaka kwanza niwe na hakika. Mume wangu alisimama akinitazama, bomba likimdondokea kwenye kiatu. Mzee aliangalia mawingu, akasema, "Mwalimu, funga mdomo na kitambaa. Mvua itakuja saa nane." Mama mkwe akajivika bomba yeye mwenyewe.

Kisha Mzee akanigeukia. "Bibi ya Mwalimu, wewe ndiye unapita kila siku. Dawa haitoshi. Tuache wapi?"

Mume wangu alitaka waanzie chini, mahali ugonjwa ulipo. Mimi nikasema huko chini kumeshaharibika. Afadhali waanzie kwenye kile kichuguu cha katikati ya ngano kwenda juu, ambako jani la mwisho, lile lililo karibu na suke, bado ni safi. Walibishana kidogo kwa Kinandi. Halafu Mzee akatembea mpaka kwenye kichuguu, akaanza kupuliza.

Walifanya hivyo asubuhi tatu, kabla mvua haijanyesha. Wiki zilizofuata niliogopa hata kupita pale. Kama ningekuwa nimekosea, ngano ya watu ingekuwa imeenda kwa neno langu, mimi mgeni. Lakini juu ya kichuguu majani yalibaki kijani, na kombaini ilipokuja tulipata mavuno ya wastani. Chini yake punje zilikuwa nyembamba kama mbegu za bizari, tukakatia ng'ombe.

Mpunga nao ulirefuka vizuri, ukachanua mwishoni mwa mwezi wa tisa, usiku ukiwa baridi sana. Nilingoja masuke yainame kwa uzito. Hayakuinama. Nilibonyeza punje kwa ukucha, moja baada ya nyingine, zote zilikuwa maganda matupu. Nikakaa juu ya tuta nikalia kidogo.

Mama mkwe alikuja akabonyeza za kwake.

"Hakuna kitu ndani," akasema.

"Hakuna."

"Basi tukate. Ng'ombe watakula."

Alikata yeye, mimi nikafunga matita, maana tumbo lilikuwa limeanza kunizuia kuinama. Mume wangu alikuja jioni kutusaidia kubeba. Hakunikumbusha habari ya joto, wala hajawahi kunikumbusha. Mwaka uliofuata tulipanda nduma pale, zikakubali.

Binti yangu alizaliwa mwezi wa kwanza. Mama mkwe alimwosha. Siku ya tatu Mzee alisimama mlangoni, hakuingia, akauliza kama mtoto ananyonya vizuri. Nikasema ndiyo. Akazungusha kofia mikononi.

"Kuna mbegu mpya ya ngano mjini," akasema. "Wanasema inavumilia kutu. Ukipata nguvu nataka uione kabla sijanunua."

Tulienda mwezi wa pili, mtoto nikiwa nimembeba mgongoni.