Kurasa za Mnada na Mafungu ya Zabibu

Elieth ni mtoto wa muuza zabibu wa Msalato. Alisomea kompyuta chuoni Chimwaga, Dodoma, na kazi yake ya kwanza ilikuwa tovuti ya mnada wa ushirika mmoja wa wafugaji huko Chemba. Ng'ombe elfu mbili walipangwa kwa uzito, ishirini kila ukurasa. Siku ya mnada wanunuzi walifungua simu kwa pamoja, wakabaki wakitazama kiduara kikizunguka.

Mwenyekiti, Mzee Nikodemo, alimpigia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Binti yangu, mpaka ukurasa wa pili ufunguke, dume limeshakonda."

"Nipe mnada mmoja tu."

"Mmoja. Mambo yakikwama tena, tunarudi kwenye daftari, na kazi yako imeisha."

Jumamosi Elieth alikaa gengeni na mama yake, Zipora, akiwa hana hamu hata ya chai. Mama alikuwa amechambua zabibu tangu asubuhi, kubwa mbele, ndogo nyuma, kila fungu tayari. Mteja alifika, akachukua, akaondoka.

"Mama, mbona huwachambulii wateja wakifika?"

"Waje mia, nichambue mara mia? Nimerogwa?"

Elieth akafungua kompyuta yake. Tovuti yake ilikuwa imerogwa hivyo hasa: kwa kila aliyefungua, iliwapanga upya ng'ombe wote ili imwonyeshe ishirini.

Akaigeuza. Sasa orodha ingepangwa mara moja tu, kurasa zikae tayari kama mafungu. Lakini Zipora alipoona zabibu moja imeoza, alilivunja fungu akalipanga tena, na hapo Elieth akakumbuka chumvi. Wafugaji huwalambisha ng'ombe chumvi na kuwanywesha sana kabla ya mzani ili uzito uzidi. Wanunuzi hudai ng'ombe wapimwe tena. Yeye alikuwa amedhani uzito wa asubuhi ni wa siku nzima. Akaongeza agizo: uzito ukibadilika, kurasa za zamani zifutwe, zipangwe upya mara moja tu.

Siku ya mnada kurasa zilifunguka papo hapo. Saa tano mnunuzi aitwaye Damas akapaza sauti:

"Dume la hereni namba sitini ni pipa la maji! Lipimwe tena!"

Kutoka kilo mia tatu na ishirini, dume likashuka hadi mia mbili tisini na nane. Elieth alibonyeza simu. Namba sitini lilikuwa limeshaondoka ukurasa wa kwanza. Lilikuwa kwenye ukurasa wa tatu, pamoja na uzito wake mpya.

Alipumua kama aliyetuliwa mzigo kichwani. Akamtafuta Mzee Nikodemo, akamkuta ameinama, akilisukumiza lile daftari la mnada chini ya mguu wa mzani uliokuwa ukiyumba.