Jike la Nondo wa Kijivu

Kabla ya kufungua droo yoyote, mtunza wadudu wa makumbusho aligeuza uso begani akashusha pumzi zote, kwa sababu nondo wake walikuwa wepesi mno. Msaidizi wake alimwona akifanya hivyo kwa miaka tisa, hata mbele ya droo tupu. Aliyempenda kuliko wote alikuwa nondo wa kijivu, mdogo kuliko ukucha, mwenye kitone cheupe kwenye kila bawa. Ramani ukutani ilikuwa na pini saba za mahali alipopatikana, zote kwenye miteremko yenye baridi, zote za madume. Jike hakuwa amewahi kuonekana, na mzee huyo mtunza wadudu alikuwa anastaafu Ijumaa. Alikuwa amelea viwavi wa nondo huyo chupani, akawatazama wakijisokotea vifuko vya hariri, akasubiri.

Alhamisi asubuhi msaidizi alikuta kifuko kimoja kimepasuka, na chini yake kitu kinene kisicho na mabawa, kama punje ya mchele. Akadhani kimeharibika, akakitupa.

"Mwanangu, umemtupa bibi harusi!" mzee alicheka, akipiga magoti mbele ya pipa la taka. Vidole vyake vinene vilipekua karatasi moja moja bila kutetemeka.

"Nisamehe, mzee. Nilidhani ni uchafu."

Mzee alimpata kati ya karatasi, akamwingiza kwenye kizimba cha wavu walimokuwa madume wawili waliotoka kwenye vifuko vingine, nao wakamwendea kabla hajatoa mkono.

Ijumaa, akivaa koti, mzee alimpa msaidizi lebo yenye nafasi ya jina la mgunduzi.

"Andika lako. Wa kwanza kumwona ni wewe, hata kama ulimtupa."