Jina Nililoliondoa kwenye Kitabu cha Mahindi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipanda ngazi za ghorofa moja pale Mchafukoge, juu ya duka la sufuria, nikiwa na kalamu mbili mfukoni na barua ya ajira niliyoikunja mara nne. Kampuni ya vitabu ilikuwa ndogo, wahariri wanne tu, na juu yao Mhariri Mkuu, mama wa makamo kutoka Kilimanjaro, Mkristo ambaye hakuanza kazi bila kuinamisha kichwa kidogo juu ya meza yake. Aliniuliza nimesoma wapi. Nikamwambia shule ya serikali mpaka kidato cha nne, na chuo cha Qur'ani kwa baba yangu, Kariakoo, tangu nikiwa na miaka mitano.

"Ukikosea herufi moja, baba alikufanyaje?"

"Alinirudisha mwanzo wa sura, mama."

"Basi kazi unaijua. Kaa pale."

Nilianza kama msoma prufu. Prufu ni karatasi za majaribio zinazotolewa kabla kitabu hakijachapwa, ili makosa yaonekane mapema. Tulizisoma wawili wawili. Mmoja alishika mswada wa mwandishi akausoma kwa sauti, pamoja na kila nukta na kila mkato, na mwenzake akafuata kwenye prufu kwa kidole. Ilipofika adhuhuri koo lilikuwa limekauka, tunashuka kuswali, tunapanda tena. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa miaka ile. Ilinifunza subira kuliko jambo lolote nililosoma baadaye.

Kutoka kwenye prufu nilipandishwa kuwa mhariri msaidizi, nikakabidhiwa vitabu vya kilimo. Wizara ya kilimo ilikuwa mteja wetu mkubwa. Ilitaka vijitabu vyepesi vya wakulima, vya kurasa arobaini au hamsini, vyenye michoro. Kila wiki nilitembea mpaka Posta, kwa Mkuu wa Kitengo cha Machapisho wa wizara, mzee mpole aliyesoma kila kitu mara mbili kabla ya kutia saini.

Vijana watashangaa nikisema kwamba wizara ile ilikuwa na bendi yake ya dansi. Siku hizo lilikuwa jambo la kawaida. Mwanamuziki aliandikishwa kama karani au tarishi, akalipwa mshahara wa serikali, na kazi yake halisi ikawa gitaa. Katika bendi hiyo alikuwamo Idrisa Ndimbwa. Alipiga gitaa, saksafoni na ngoma, na mpiga kinanda akiugua alikaa yeye kwenye kinanda. Katika vitabu vya wizara aliandikwa karani, lakini kwa miaka mingi alifuatana na mabwana shamba, wale maofisa wanaokwenda vijijini kufundisha wakulima. Alipiga muziki ili watu wakusanyike, kisha mafunzo yakaanza. Wenzake wa bendi walilala kwenye gari. Yeye alibaki kusikiliza, akauliza maswali, na baada ya muda akawa anafundisha mwenyewe.

Siku moja alipanda ngazi zetu na mswada wa kuhifadhi mahindi yasiliwe na mdudu dumuzi. Mhariri Mkuu alinikabidhi mimi. Nilimfahamu Idrisa. Siku za Ijumaa tulisimama safu moja msikitini, na jioni hiyohiyo alikwenda kupiga dansi. Jambo hilo lilinikera. Niliuchukua mswada na kalamu nyekundu, nikaukata kila mahali. Pale alipoandika kwamba mahindi makavu yana sauti yake, kwamba mkulima ayamimine kwenye debe asikilize, nilipiga mstari nikaandika pembeni: huu si utaalamu.

Idrisa aliporudi akaona, hakubishana na mimi. Alishuka sokoni, akarudi na madebe mawili na mahindi ya aina mbili kwenye mifuko ya karatasi.

"Mama, naomba ufumbe macho," akamwambia Mhariri Mkuu.

"We Idrisa, hapa ni ofisini."

"Dakika moja tu, mama. Ukikosea, Maalim amenishinda." Aliniita Maalim kwa sababu ya baba yangu.

Mama akafumba macho. Idrisa akamimina debe la kwanza, kisha la pili.

"La kwanza bichi," Mama akasema. "Linadunda kama miguu ya mtu aliyevaa soksi." Ofisi nzima ikacheka. Akafumbua macho, akanitazama. "Rudisha maneno yake. Yote. Kijana, huyu anajua anachokisema, na anakisema vizuri kuliko wewe."

Mbele ya watu wote. Nilirudisha maneno yake, na usiku ule sikula.

Mwezi uliofuata ikajulikana kwamba bendi ya wizara inavunjwa. Wanamuziki watapunguzwa, isipokuwa atakayethibitisha kwamba ana kazi nyingine anayoiweza. Idrisa alikuja kwangu akiwa na wasiwasi ambao sikuwahi kumwona nao.

"Maalim, kitabu kikitoka na jina langu nitakipeleka mbele ya kamati inayopunguza watu. Nitawaambia, mimi bwana shamba, tazameni. Bila hicho, kwao mimi ni karani wa gitaa."

"Kitatoka," nikamwambia.

Tulikuwa na fomu ya mwandishi, karatasi moja inayoeleza asili ya mtu, elimu yake na kazi alizofanya. Humo ndimo yalimotoka maneno ya jalada la nyuma. Mwandiko wa Idrisa ulikuwa mbaya, kwa hiyo yeye alisema, mimi nikaandika. Alinitajia vijiji alivyofundisha, miaka, na mabwana shamba wanaoweza kumshuhudia. Nilikuwa nikiitikia na kusogeza kalamu kana kwamba naandika. Alipoondoka, penye nafasi ya kazi palikuwa na maneno sita: mpiga muziki katika kumbi za dansi.

Nilipeleka fomu Posta pamoja na prufu ya mwisho. Mkuu wa Kitengo akaisoma, akavua miwani.

"Kitabu nimekipenda. Lakini mkulima ataniuliza, huyu mpiga dansi mahindi ameyajulia wapi? Wewe unamfahamu?"

Mzee yule aliniuliza kwa nia njema. Alinifungulia mlango nami sikuwa na haja ya kusema zaidi ya sentensi mbili za kweli.

"Namfahamu kwa gitaa," nikajibu.

"Sasa tufanyeje?"

"Tunaweza kuandika kimeandaliwa na kitengo chako, mzee."

"Na mwenyewe ataridhia?"

"Ataridhia. Nimeongea naye."

Sikuwa nimeongea naye. Akatia saini.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba niliilinda dini, kwamba si vyema mtu wa kumbi za pombe awe mwalimu wa watu. Lakini ningekuwa naichunga dini nisingesema uongo. Ulikuwa wivu. Mama alisema anaandika vizuri kuliko mimi, na ilikuwa kweli.

Kitabu kilipotoka Idrisa alikuja amevaa shati jeupe. Akaangalia jalada la mbele, akageuza la nyuma, akafungua ukurasa wa kwanza. Akarudia tena jalada la mbele.

"Jina langu liko ukurasa gani, Maalim?"

"Ni uamuzi wa wizara."

Akakifunga kitabu, akashukuru, akashuka ngazi. Kamati ilimpunguza na wenzake. Mimi nilipanda cheo, nikawa mhariri mwandamizi, na Mama alipostaafu nikakaa kwenye kiti chake. Mama alikufa akiamini kwamba wizara ndiyo iliyokataa jina lile. Naye nilimdanganya.

Nilistaafu nikaagwa kwa maneno mazuri ambayo niliyasikiliza nikitazama sakafu. Baba alinifundisha mapema kwamba kosa la mtu kwa Mola wake linafutwa kwa toba, lakini haki ya mja inabaki shingoni mpaka mja mwenyewe aisamehe. Nililijua hilo tangu utoto, na bado ilinichukua karibu miaka miwili ya kustaafu kwenda Kariakoo kumtafuta. Anakaa chumba cha uani, nyuma ya maduka ya vitenge. Bado anapiga kinanda kwenye harusi, vidole vimepinda.

Nikamweleza yote, fomu, swali la mzee wa Posta na jibu langu.

"Kumbe wewe," akasema mwishoni. "Mimi nimewachukia wizara miaka yote hii, watu wa watu. Nimechukia mpaka jengo lao."

"Nakuomba msamaha, Mzee Idrisa. Kwa ajili ya Mungu."

"Maalim, wanangu walilelewa na baba mpiga harusi. Shuleni waliulizwa baba anafanya kazi gani, wakasema anaimba. Walichekwa. Sasa unaniomba msamaha mimi na wewe, ndani ya chumba, mlango umefungwa?"

Nikageuka kuutazama mlango.

"Wewe si mtu wa vitabu? Andika. Ichapwe, watu wasome. Nikishaisoma mimi nitakuambia kama nimekusamehe."

"Na usiposamehe?"

"Basi utakuwa umeandika kweli mara moja," akasema, akanimiminia kahawa.

Kwa hiyo naandika. Kitabu kile cha kuhifadhi mahindi, ambacho wakulima wengi walikisoma na ambacho juu yake pameandikwa kwamba kiliandaliwa na kitengo, kiliandikwa chote na Idrisa Ndimbwa, mpiga gitaa, saksafoni, ngoma na kinanda, aliyezunguka vijijini miaka mingi akifundisha wakulima, na aliyekuwa bwana shamba bora kuliko wengi wenye cheti. Mimi niliyekihariri nilijua hivyo siku ile nilipoulizwa.

Nakala ya kwanza nitampelekea mwenyewe. Nitakaa nje uani mpaka amalize kusoma.