Waya ya Tatu

Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano asubuhi nilipomaliza kupanga swichi tatu za mtandao, visanduku vya kuunganishia kompyuta, moja juu ya nyingine, katika ofisi moja ya katikati ya Nairobi. Waya mbili ziliziunganisha kutoka ya juu, intaneti ilikoingilia, hadi ya chini. Ya tatu ilitoka chini ikarudi juu, duara likafungika. Taa za kijani zilimetameta kama umande kwenye nyasi za mtaa wa Kitisuru jua likichomoza.

"Fundi, hii ya tatu ni ya urembo?" mkurugenzi wa ofisi akauliza. "Irudishe dukani. Na mishahara isipotumwa leo, usikanyage hapa tena."

Saa nne ni chai. Mama wa chai aliingia polepole, akachomoa plagi ya swichi ya katikati, akachomeka birika lake, kwani hiyo ndiyo soketi aliyoizoea. Taa za katikati zikazimika. Mhasibu, aliyekuwa akituma mishahara kupitia swichi ya chini, hakuinua hata macho: kazi yake ilikuwa ikipanda hadi juu kwa waya ya tatu, bila kupitia katikati. Birika likaanza kuimba, nami nikapumua.

"Waya ibaki," mkurugenzi akasema, akitazama taa zilizozimika. "Mtafutie mama soketi yake."

Hasara yote ya siku hiyo ilikuwa bei ya soketi hiyo, shilingi mia tatu na hamsini.