Pindo la Gauni la Bluu

Fundi alikuwa na miaka sitini na minane alipoanza kuwa mwanafunzi, na kama si bintiye kumjazia fomu kwa mkono wake mwenyewe, asingeanza kamwe. Duka lake la ushonaji alikuwa amelifunga mwaka uliotangulia. Macho yalikuwa yamegoma kuona uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, na mkewe, aliyekaa naye kwenye meza moja ya kukatia kwa miaka thelathini na tisa, alikuwa amefariki. Tangu hapo mzee akawa anashinda nyumbani kwa bintiye akikagua mapazia. Alikagua mapazia yale mpaka binti akaomba poo.

"Baba, kuna darasa pale chuoni," alimwambia. "Jumanne na Alhamisi mchana. La watu wasiojua kitu."

"Kitu gani?"

"Sanaa ya kisasa."

"Sasa mimi nikafanye nini huko?"

"Ukakae na watu. Na mapazia yangu yapumzike."

Basi akaenda. Alivaa koti lake la kijivu, akachomeka kalamu mfukoni, na alipofika getini ndipo akagundua kuwa ametoka na tepu ya kupimia shingoni, kama mtu anayekwenda kazini. Akaikunja haraka akaificha. Darasa lilikuwa chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja, viti vya plastiki, na meza ndefu ya mbao iliyochafuka madoa ya rangi ambayo hakuna aliyejisumbua kuyasugua. Mwalimu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kuuliza swali kisha kunyamaza mpaka watu waone haya. Wanafunzi walikuwa tisa. Jirani yake Fundi alikuwa dereva mstaafu wa malori ambaye darasa zima lilimwita Breki, kwa sababu kila Mwalimu alipoanza kunoga, yeye alimsimamisha kwa swali.

Siku ya kwanza Mwalimu aliwaonyesha ukutani picha ya kiti cha miguu mitatu, kimetundikwa kwa waya katikati ya chumba kitupu. Akauliza wanaona nini.

"Naona kiti kibovu," akasema Breki.

"Wewe je, Fundi?"

"Mimi nashangaa tu, Mwalimu. Mtu ana waya, ana nyundo, ana nafasi yote hiyo. Ameshindwaje kuweka mguu mmoja?"

Darasa likaangua kicheko, na Mwalimu akacheka nao. Lakini Fundi hakuwa anatania hata kidogo. Maisha yake yote kazi ilikuwa ya namna mbili tu, iliyoisha na isiyoisha. Iliyoisha ilipigwa pasi na kutundikwa kando ya mlango. Isiyoisha ililala kikapuni, na mwenyewe akija, unaanza kutafuta uongo wa kumwambia. Sasa hapa anaambiwa kuna watu wazima, wenye akili zao, wanaoitoa kazi kikapuni ikiwa vilevile na kuwaalika watu waje kuitazama! Akaandika kwenye daftari: "Kwa nini hakumaliza?" Swali hilohilo aliliandika tena Alhamisi, na tena Jumanne iliyofuata, kila siku kwa kazi nyingine.

Kilichomlainisha ni mashati. Wiki ya nne Mwalimu aliwapeleka kwenye maonyesho, na humo kulikuwa na ukuta mzima wa mashati ya zamani, kama arobaini hivi, yamepangwa bila kioo. Wenzake walisimama mbali wakakunja nyuso kama watu wenye mawazo. Fundi alikwenda moja kwa moja, akageuza kola ya shati la kwanza kuona ndani yake, na mlinzi akampigia kelele kama amemkamata mwizi.

"Samahani, kijana," Fundi akasema, akirudisha mikono nyuma. Kisha akamgeukia Mwalimu, kwa sauti ya chini. "Hii kola iliwahi kugeuzwa. Ilichakaa upande mmoja, wakaifumua, wakaishona kwa upande wa pili. Na hili hapa limeshonwa na mtu wa mkono wa kushoto. Lile la mistari, vifungo vyake hakuvishona fundi. Ni mtu wa nyumbani. Angalia uzi alivyouzungusha, mara nyingi kupita kiasi. Alikuwa anaogopa kifungo kisije kikadondoka mwenye shati akiwa mbali."

Mwalimu akasogea karibu na ukuta. "Umejuaje yote hayo?"

"Mkono wa mtu ni kama sauti yake. Ukiuzoea, umeuzoea."

"Basi hapa mwanafunzi ni mimi," Mwalimu akasema, na hakuwa anamsifia ili kumfurahisha. "Kile kiti nacho, Fundi, siku ukikitazama tena, tafuta mkono wa mtu kwanza. Mengine yatafuata."

Siku ile alirudi nyumbani kwa miguu, njia ndefu, na njia nzima alikuwa dukani kwake. Alimwona mkewe kwenye kigoda kile kifupi, mgongo umeegemea rafu ya vitambaa, redio ndogo ikikoroma. Kazi waligawana tangu mwanzo: yeye kukata na cherehani, mkewe kazi ya mkono, yaani mapindo, vifungo na matundu yake. Mama yule aliweka pini mdomoni saba au nane kwa mara moja na bado akaweza kumsema mtu. Waligombana bila kuinua macho, wakapatana bila kuinua macho, na kitambaa chenye maji kikipita chini ya pasi, duka zima likanukia mvuke wa pamba. Wakati ule Fundi aliona ni siku za kawaida tu. Angejua, angalau angeinua macho.

Basi, tufike kwenye kosa lenyewe.

Ilikuwa Alhamisi, siku mbili kabla ya maonyesho madogo ya darasa. Fundi aliwahi kwa nusu saa, kama alivyowahi kila siku, maana mtu aliyefungua duka alfajiri kwa miaka arobaini hajui kufika kwa wakati. Anajua kuwahi tu. Darasani hakukuwa na mtu. Juu ya meza ndefu lilikuwa limetandazwa gauni la bluu, limegeuzwa nje ndani. Pindo lilikuwa limeshonwa kwa mkono zaidi ya nusu, likaachiwa njiani. Sindano ilikuwa bado imechomekwa, na uzi unaning'inia.

Roho ya Fundi ikamhurumia Mwalimu papo hapo. Maskini, akafikiri, anataka kulivaa Jumamosi na kazi zetu hazimpi nafasi. Akaangalia mlango, akaangalia saa. Mkono ukamwasha. Akavuta kiti hadi dirishani, akalipakata gauni, na kabla ya yote akafumua mishono kumi na mmoja ya mwisho, kwa sababu ilikuwa imelegea na kwenda upande, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Hilo hata hakulifikiria. Kisha akautumia uzi uleule, akafuata mkono wa aliyeanza, maana sheria ya dukani kwake ilikuwa kwamba ukimalizia kazi ya mwenzako, jicho la mteja lisione mlipopokezana. Uzi ulikuwa wa bluu iliyokolea na macho hayakumsumbua. Kwa robo saa ile alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu afunge duka. Akapiga fundo, akakata, akalainisha pindo kwa ukucha wa gumba, akalitundika gauni dirishani, na sindano akaichomeka kwenye ukosi wa koti lake. Kisha akakaa, akisubiri asante.

Mwalimu aliingia na boksi mikononi. "Shikamoo, Fundi, leo nawe ume..." Akasimama. Alikuwa bado mlangoni, hatua kumi nzima kutoka dirishani. "Nani amelifanya nini gauni langu?"

"Nimekumalizia, mwanangu," Fundi akasema kwa tabasamu.

Mwalimu aliliweka boksi sakafuni, akakaa juu yake. Akasema polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Mama yake alikuwa analishona gauni hilo kwa ajili ya mahafali yake, na aliendelea kulishona kitandani hospitalini kwa sababu alikataa kumpa mtu mwingine. Mchana mmoja alichomeka sindano akasema anapumzika kidogo. Hakuamka. Miaka kumi na mmoja gauni lilikaa kwenye boksi, na leo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulitoa, ili darasa lilione kabla halijatundikwa Jumamosi vilevile lilivyoachwa, na sindano yake.

Breki alichungulia mlangoni, akatazama sura mbili zile, na kwa mara ya kwanza hakuwa na swali. Akafunga mlango taratibu, akawazuia wenzake huko nje.

Fundi alitamani sakafu ipasuke immeze. "Naweza kufumua," akasema.

"Utajua alipoishia?"

Hapo angeweza kudanganya. Alikuwa na uzoefu wa kutosha. Amewadanganya wateja nusu ya mji. "Nitajua," akasema, "lakini kuna jambo baya zaidi. Mishono yake ya mwisho ilikuwa imelegea. Niliifumua, nikaishona upya. Kumi na mmoja."

Mwalimu alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Fundi hakumwomba msamaha, aliona haufiki. Alilishusha gauni, akakaa tena dirishani na kuanza kufumua, kwa ncha ya sindano bila kugusa mkasi, ili uzi usikatike. Mishono yake ilipotoka yote, akainua kitambaa kwenye mwanga. Matundu ya zamani yalikuwepo bado, madogo kama vumbi, kumi na moja, yanakwenda upande. Kitambaa kilikuwa kimeyatunza miaka yote ile. Akapitisha uzi wa mama yule katika tundu la kwanza, kisha la pili, refu, fupi, akiulazimisha mkono wake ulegee mahali ambapo maisha yote umekaza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko suti yoyote aliyowahi kushona.

Kwenye mshono wa sita alianza kusema bila kuulizwa.

"Mke wangu alipougua, mapindo yake yakawa hivihivi. Hivihivi kabisa. Akienda kupumzika mchana, mimi nilikuwa nayafumua, nayashona upya kwa kuuiga mkono wake, halafu namwekea palepale. Sikutaka wateja waseme. Wala sikutaka ajue." Akavuta uzi. "Na hakujua. Siku moja alishika suruali moja akanionyesha, akaniambia, 'Naona mkono wangu unapona.' Nilifurahi, Mwalimu. Nilifurahi wiki nzima."

Alimaliza wa kumi na moja, akaichomeka sindano na kuuachia uzi uning'inie. Mwalimu alikuja, akapitisha ncha ya kidole juu ya pindo, tangu mwanzo, taratibu. Kidole kilikwenda, kikafika mahali, kikasimama.

"Hapa ndipo unapoanza wewe," akasema.

"Nimefuata matundu yote. Umeonaje?"

"Sijaona. Ni mama yangu, Fundi. Mimi hata kifungo sijui kushona, lakini mkono wake naujua." Akafuta macho kwa kiganja. "Liache hivyohivyo. Jumamosi nitalitundika, na nitaandika kwamba wewe umepita hapa."

Lakini Fundi hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa amekazia macho kidole cha yule binti, mtu asiyejua kushona hata kifungo, kilivyosimama penyewe mahali hasa. Na yule mwingine, mkewe, alikuwa fundi. Miaka thelathini na tisa alishona kwa mkono wake mwenyewe, kila siku, na akaishika ile suruali, akaigeuza, akapitisha kidole.

"Alijua," akasema.

"Nani?"

"Siku ile ya suruali. Alijua kuwa si yeye." Alitafuta leso mfukoni akaikosa, akajifuta kwa mkono wa koti. "Aliona nataka apone. Ndiyo maana akaniambia anapona."